Maswali ya Wasomaji: Mizani ya Mama, Magadi na Presha Iliyopona Yenyewe

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu kutoka Mkoa wa Dodoma zinahusu ugonjwa mmoja, amiloidosi ya aina ya AL, ambamo protini mbovu hutuama kwenye viungo vya mwili, nao ni adimu kiasi kwamba daktari wa wilaya anaweza kufika siku ya kustaafu bila kumtambua mgonjwa wake hata mmoja. Sikutegemea barua moja, sembuse tatu. Nimezijibu zote hapa, na wale walioniuliza kuhusu kisukari na vidonda vya tumbo naomba wanivumilie hadi toleo lijalo.

*Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa pili katika familia ya watoto watano, na tunaishi Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambako baba yetu hununua na kuuza mahindi. Mama yetu ana miaka 61. Alianza kwa kuvimba miguu na kupata mkojo wenye mapovu yasiyokatika, tukazunguka naye miezi minane: zahanati moja ilimtibu UTI mara tatu, kwingine akachomwa sindano za maumivu ya viungo, na kila tulipokwenda alizidi kuvimba. Hatimaye katika hospitali kubwa alichukuliwa kinyama cha figo, kisha akapimwa uloto wa mifupa, tukaambiwa ana amiloidosi ya AL na kwamba moyo nao umeguswa. Sasa anapata sindano ya bortezomibu kila wiki, pamoja na siklofosfamidi na deksamethasoni. Tumeambiwa tumpime uzito kila siku, nasi tunampima kwenye mizani ya magunia ya baba. Je, hii ni saratani? Sisi watoto tutairithi? Kwa nini bado anavimba ilhali ameshachoma sindano sita? Na presha aliyoishi nayo miaka kumi imeshuka yenyewe. Je, tumshukuru Mungu, tuendelee na dawa zake zilezile?*
*Binti wa Pili, Kibaigwa*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa mzunguko huo wa miezi minane. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye haraka. Presha ya mama haijapona. Katika ugonjwa huu protini mbovu hujipenyeza ndani ya misuli ya moyo na kuzifanya kuta zake ziwe nene na ngumu, hivyo moyo haulegei vya kutosha kupokea damu, na kile kidogo ulichopokea ndicho unachoweza kusukuma. Protini hiyohiyo inaweza pia kuharibu mishipa ya fahamu inayoiamuru mishipa ya damu ikaze pale mtu anaposimama. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na presha ya kupanda kwa miaka mingi anakutwa siku moja na presha ya kawaida, kisha ya chini, familia inafurahi, ilhali dawa zilezile zilizomfaa zamani sasa zinamwangusha alfajiri akielekea chooni.

Msimwachishe dawa wenyewe, lakini pia msisubiri tarehe ya kliniki. Kusanyeni maboksi yote ya dawa anazotumia, hata zile za zamani zilizobaki kabatini, mzipeleke kwa daktari wake wiki hiihii. Mwulizeni kwa majina kuhusu nifedipini, diltiazemu, verapamili na digoksini, kwa kuwa hizi zinaweza kumdhuru mtu ambaye amiloidi imefika moyoni, au zinahitaji uangalizi wa karibu sana. Hata kaptoprili na enalaprili, ambazo madaktari wa figo huzipenda kwa sababu hupunguza protini inayopotea kwenye mkojo, wagonjwa wengi wa namna hii hawazimudu. Ombeni presha ipimwe mara mbili, akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa maana kipimo cha mtu aliyekaa kwenye benchi hakioneshi anachopata anapoinuka. Kwa sasa, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu kwa dakika moja au mbili, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Ndani ya uloto wa mifupa kuna seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Kila kingamwili huundwa kwa minyororo ya protini, mizito na myepesi, na herufi L ya AL ndiyo inayotaja ile myepesi. Kwa mama, kundi moja la seli hizo limeasi na linatoa minyororo myepesi iliyokunjwa vibaya, ambayo ikisafiri katika damu hushikamana nyuzi kwa nyuzi na kutuama kwenye figo, moyo, ini, ulimi, matumbo au mishipa ya fahamu. Neno amiloidi maana yake ni kitu mfano wa wanga: mwaka 1854 Rudolf Virchow wa Ujerumani aliona vitu hivi vikibadilika rangi kwa iodini kama wanga unavyobadilika, akavipa jina hilo, na baadaye ikabainika kuwa ni protini. Nalitaja kosa hilo la zamani kwa sababu wapo watu wanaosikia tafsiri hiyo na kumnyima mgonjwa ugali. Mama ale ugali wake, uwe wa mtama, wa uwele au wa mahindi; ugonjwa huu hautokani na chakula.

Wanaokuambia ni saratani na wanaokuambia siyo wote wana hoja. Seli zilizoasi mara nyingi ni chache na hazifanyi uvimbe, na kinachomuumiza mgonjwa ni kile zinachotema, si wingi wake. Lakini ugonjwa huu ni ndugu wa karibu wa mieloma, saratani ya uloto, wapo wagonjwa wenye yote mawili, na dawa nyingi ni zilezile. Kwa hiyo mama akilazwa au akipangiwa dawa katika wodi ya saratani msishtuke kwamba mmefichwa jambo.

Kuhusu kurithi, AL hairithiwi wala haiambukizi. Ipo aina nyingine inayorithiwa, inayotokana na protini ya ini iitwayo transthairetini, na ipo aina iitwayo AA inayofuatia uvimbe wa muda mrefu mwilini, kwa mfano kifua kikuu kilichokaa bila tiba au baridi yabisi ya miaka mingi. Hapa nakushauri uulize swali moja ambalo familia nyingi hazilijui: aina ya mama ilithibitishwaje? Kinyama kikitiwa rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, kisha kikatazamwa kwa hadubini yenye mwanga maalumu, amiloidi hung'aa kijani kama tufaa bichi. Hilo linathibitisha kwamba amiloidi ipo, bali halisemi ni ya aina gani. Aina hutambuliwa kwa vipimo vingine vya kinyama hicho, pamoja na vya damu, mkojo na uloto, na ni lazima ijulikane, kwa sababu dawa anazochomwa mama haziwafai wenye aina nyingine, ila zitawachosha bure.

Kwa nini bado anavimba? Fikiria mifereji ya mashamba ya mpunga kule Bahi baada ya mvua kubwa. Ukiziba mahali tope linapoingilia, mfereji hauwi safi siku hiyo; lililokwisha kutuama bado lipo, na litaondoka polepole maji yanapopita. Bortezomibu na wenzake hawagusi amiloidi iliyokwisha kutuama moyoni na kwenye figo; wanazinyamazisha seli zinazoitoa. Kwa hiyo kinachopaswa kushuka kwanza, ndani ya wiki hadi miezi michache, ni kiwango cha minyororo myepesi huru katika damu, na viungo hufuata nyuma sana, mara nyingi baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kila kipimo hicho kinapofanyika, ombeni namba na muiandike kwenye daftari. Miguu ya mama itawadanganya kwa miezi mingi, namba hiyo haitawadanganya kirahisi. Isiposhuka baada ya mizunguko miwili au mitatu ya dawa, mna haki ya kumwuliza daktari kama dawa zibadilishwe au ziongezwe. Huenda akataja daratumumabu: katika utafiti wa wagonjwa 388 uliochapishwa mwaka 2021, asilimia 53 ya walioongezewa dawa hiyo juu ya zile tatu anazopata mama walifikia hatua ambapo protini mbovu haikuonekana tena katika damu na mkojo, dhidi ya asilimia 18 ya waliopata hizo tatu peke yake. Ni dawa ya bei kubwa sana. Kabla baba hajauza shamba, nendeni ofisi ya bima na kwa maofisa ustawi wa jamii wa hospitali mkajue nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Bortezomibu yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019, jambo ambalo si baya kulikumbusha mnapoambiwa haipo.

Ama kuhusu mizani ya baba, nimecheka kidogo, nisamehe, kisha nikaona ni jambo kubwa. Mizani ya magunia imetengenezwa kupima kilo mia. Ikikosea kilo moja hakuna mfanyabiashara atakayegombana na mwenzake. Kwa mama, kilo moja ni lita nzima ya maji iliyobaki mwilini. Nunueni mizani ndogo ya kukanyagia, iwekwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia, naye apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, akiwa na khanga ileile. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, pigeni simu kliniki hata kama anasema yuko salama, kwa sababu maji huonekana kwenye mizani kabla ya kuonekana miguuni. Akipungua ghafla huku akizidi kizunguzungu, pigeni vilevile: huenda dawa ya kupunguza maji imezidi, na wagonjwa hawa wana njia nyembamba kati ya kuvimba na kukauka.

Chumvi nayo ina mtego wake katika mkoa wetu. Wengi wakiambiwa wapunguze huondoa kikopo mezani, wakaendelea kupika mlenda kwa magadi. Magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo inayovuta maji, hata kama ulimi hausikii ladha ya chumvi. Mlenda wa mama upikwe bila magadi. Hautalainika upesi na rangi yake haitapendeza, lakini utalika. Dagaa na samaki wa chumvi, viungo vya supu vya kwenye vipakiti na nyama choma iliyopakwa chumvi viwe vya watu wengine nyumbani. Kiasi cha jumla kwa siku kisizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa, kikijumuisha kile kilichomo tayari kwenye mkate. Na kama maji ya kisima chenu yana chumvi, jambo ambalo si geni katika Dodoma yetu, mpikieni na mumnyweshe maji ya chanzo kingine.

Zile sindano za maumivu ya viungo zisirudiwe. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake huzibana figo ambazo tayari zinavuja; akiumwa kichwa atumie parasetamoli. Dawa za mitishamba, ikiwemo chai ya kijani inayosifiwa sana siku hizi, zisiingie bila daktari kujua, kwani katika maabara kemikali ya chai hiyo imeonekana kuizuia bortezomibu isifanye kazi. Deksamethasoni anywe asubuhi baada ya kula, la sivyo hatalala, na sukari ipimwe kwa sababu dawa hiyo huipandisha. Bortezomibu huamsha mkanda wa jeshi, kwa hiyo mwulizeni daktari kama amempa asiklova ya kinga. Na ganzi au moto kwenye nyayo usemwe mapema, maana dozi inaweza kupunguzwa kabla mishipa haijaharibika. Homa yoyote akiwa kwenye dawa hizi si ya kusubiri asubuhi.

Mwisho, ikiwa itatakiwa aonwe na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mleteni Dodoma apande treni ya SGR badala ya basi. Mbali na mwendo, treni ina choo, na mtu anayetumia dawa ya kukojoa anajua thamani ya choo kuliko ya kiti cha dirishani. Nimeona wagonjwa wakiruka dawa siku ya safari kwa kuogopa kuomba basi lisimame.

*Assalaam alaykum, Daktari. Nina miaka 58, ni mkulima wa Kondoa. Nina ugonjwa huu wa amiloidosi mwaka wa pili sasa, figo zangu zinatoa protini, na nikisimama muda mrefu naona giza. Nanywa furosemidi kila asubuhi na deksamethasoni siku moja kwa wiki. Ramadhani iliyopita nilifunga kwa siri, nikaanguka msikitini wakati wa tarawehe. Mwaka huu nifanyeje?*
*Mzee wa Kondoa*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Ulivyoanguka kunaeleweka kirahisi ukifuata saa za siku yako. Ulikunywa furosemidi, ikatoa maji. Kutwa hukurudisha hata tone. Jua la Kondoa likachukua sehemu yake. Jioni ukafuturu kwa vitu vyenye chumvi na uji mwingi kwa mkupuo, damu ikakimbilia tumboni kusaga chakula, kisha ukasimama safuni kwa muda mrefu na mishipa yako ya fahamu haina tena nguvu ya kukaza mishipa ya damu. Mtu mzima wa afya angeona kizunguzungu, wewe ukadondoka. Ungeweza kupasua kichwa, na figo zako zinazovuja hazikupata damu ya kutosha kutwa nzima.

Kwa upande wa tiba jibu langu ni kwamba usifunge wakati ukiwa kwenye dawa hizi. Hata kuihamishia deksamethasoni kwenye daku ukaendelea kufunga hakutatatua jambo, maana itabaki furosemidi, na kuihamishia hiyo usiku kutakufanya uamke kwenda msalani gizani mara nne, ukiwa na presha hiyohiyo inayoshuka. Hukumu ya dini si ya kwangu. Ila wewe mwenyewe unaijua aya ya 184 ya Suratul-Baqara inayomtaja mgonjwa, kulipa siku nyingine na fidia ya kumlisha maskini, na naamini sheikh wako akielezwa ugonjwa ulivyo atakuongoza kwa wepesi. Mwambie wazi. Kilichonisikitisha katika barua yako si kufunga, ni neno siri: daktari wako hakujua, mkeo hakujua, na waliokuokota pale msikitini hawakujua wamweleze nini mganga wa zamu. Andika kwenye kikaratasi jina la ugonjwa, dawa zako na namba ya simu ya kliniki, ukiweke kwenye mfuko wa kanzu. Kuhusu tarawehe, sali ukiwa umekaa, na muulize daktari kama soksi za kubana zitakufaa.

*Daktari, mke wangu ana miaka 49 na amegundulika na AL amiloidosi miezi mitatu iliyopita. Anapata weusi kuzunguka macho yote mawili, unakuja wenyewe na kuondoka, mara nyingine baada ya kukohoa tu. Hapa Chang'ombe, Dodoma mjini, majirani wananitazama kama mtu anayepiga mke. Wiki iliyopita muuguzi alinitoa nje ya chumba akamhoji mke wangu peke yake kama ninampiga. Nimedhalilika sana. Je, weusi huu utaisha?*
*Mume, Chang'ombe*

Pole, bwana. Unachokieleza ni mojawapo ya dalili chache ambazo, daktari anayeujua ugonjwa akiziona, humfanya alitaje jina lake kabla ya vipimo. Amiloidi imetuama kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Presha ya kikohozi, kutapika, kupiga chafya au kuinama kufua inatosha kupasua mishipa hiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa amiloidi pia hunasa protini mojawapo ya kugandisha damu, inayoitwa faktari ya kumi, na hapo damu hutoka kirahisi mahali pengine pia. Kwa hiyo ombeni kipimo cha kuganda kwa damu, asinywe aspirini bila agizo la daktari, asisugue macho, atumie mswaki laini, na asing'olewe jino wala kufanyiwa upasuaji mdogo kabla mganga husika hajaambiwa. Mwombe pia atoe ulimi mbele ya kioo: ukiwa umenenepa na una alama za meno pembeni, mwambieni daktari, na mumwulize kuhusu kukoroma kwake usiku.

Weusi wa leo utafifia wenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Kwamba hautarudi siwezi kukuahidi. Tiba ikizinyamazisha seli hupungua kwa wengi, ila taratibu, na kwa wengine hubaki.

Majirani ni suala la mke wako kuamua, kwa sababu ugonjwa ni wake na siri ni yake. Akiridhia, yeye mwenyewe amweleze mwanamke mmoja anayemwamini mtaani, na habari itafika inakotakiwa kabla ya jua kuzama. Ukieleza wewe itasikika kama utetezi. Lakini kuhusu muuguzi sikuungi mkono. Alimwona mwanamke mwenye macho meusi, akamtenga na mume wake, akamuuliza kwa faragha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na kuna wanawake wengine katika foleni ileile ambao jibu lao lingekuwa tofauti na la mkeo. Mkirudi kliniki, msalimie.